Minyaa iliyokufa chini ya jiwe: kisa cha ua mmoja Luchelele

Mwenye ua ni mwalimu mstaafu. Kiwanja chake kiko Luchelele, upande wa Nyegezi jijini Mwanza, kwenye mteremko ambao ukikaa barazani unaliona Ziwa Victoria mpaka visiwani. Maji ya bomba huko juu huja kwa mgao, na yakija hujazwa kwanza kwenye tangi la nyumba, bustani baadaye. Ndiyo maana aliamua kuzungushia kiwanja minyaa badala ya yale maua ya kununua yanayotaka kumwagiliwa kila jioni. Uamuzi ulikuwa mzuri, na bado nauona mzuri baada ya yote yaliyotokea.

Ua ulipandwa mwezi wa Machi, mita 40 kwa mstari mmoja. Kufikia Agosti, mita 11 za katikati zilikuwa zimelala chini, nyeusi, zinanuka. Aliponiita hakuwa na hasira, alikuwa na mshangao. "Mwanangu," akaniambia, "nani amewahi kusikia minyaa imekufa?"

Lilikuwa swali la haki kabisa. Huku Usukumani mnyaa ni mmea wa kuchomeka na kuondoka. Ndio unaozunguka kaya za watu na mazizi ya ng'ombe, ndio unaoonyesha mpaka wa shamba na shamba. Ng'ombe na mbuzi hawautaki kwa sababu ya utomvu wake. Tawi likitupwa kando ya njia huota lenyewe. Ni mmea wa asili wa Afrika, wataalamu wanauita Euphorbia tirucalli, na umbo lake lote limetengenezwa kwa ajili ya ukame. Majani ni madogo mno na hudondoka mapema. Kazi ya kutengeneza chakula inafanywa na vijiti vyenyewe vya kijani. Vijiti hivyo hufungua vitundu vyake vya hewa usiku, wakati hakuna jua la kunyonya unyevu, vikahifadhi hewa ya ukaa mpaka mchana. Mmea wa namna hiyo hauulizi kama mvua imechelewa.

Sasa umekufa, tena mita 11 kwa mpigo, na mita 22 za juu yake zimesimama kijani kibichi. Mita 7 za mwisho, kuelekea ukuta wa jirani, zilikuwa hai lakini zimedumaa na kubadilika rangi. Kwangu picha hiyo ya ua ndiyo iliyokuwa ushahidi mkubwa kuliko maneno yote niliyosikia siku ile. Ugonjwa au mdudu mara nyingi angechagua mche huu na ule. Hapa kulikuwa na mwanzo na mwisho unaoonekana kwa macho.

Maneno yenyewe yalikuwa mengi. Mzee jirani alisema ni mchwa. Kijana wa bustani alisema ni jua la kiangazi, kwa sababu Julai ilikuwa kali na yeye alijitahidi kumwagilia lakini hakushinda. Mwingine alitaja pimbi wanaoishi kwenye miamba, na mwingine, kwa sauti ya chini, akataja mkono wa mtu. Sikubishana na yeyote. Nilichuchumaa nikaanza kung'oa.

Mchwa walikuwepo, ndani ya vijiti vilivyokwisha kukauka tu. Huko ndiko wanakokula siku zote. Kwenye mashina yaliyokuwa bado yanaoza hapakuwa na udongo wao wala njia zao. Pimbi nao huacha alama za meno, na sikuona hata moja. Likabaki jua. Lakini mnyaa wenye kiu unajionyesha kwa namna yake: kijiti huwa chembamba, ngozi inafanya mikunjo ya kwenda juu, ncha zinakauka kwanza, na shina chini linabaki gumu. Hapa ilikuwa kinyume. Ncha zilikuwa za mwisho kufa. Shina, pale linapokutana na udongo, lilikuwa la kahawia linaloelekea weusi, na ukibonyeza kwa kidole gumba ngozi inachubuka na maji yanatoka. Huo ni uozo wa maji. Minyaa ya mwalimu ilikufa kwa kunywa kupita kiasi, na ilianza kufa mwezi wa Aprili, miezi miwili kabla ya kiangazi kuanza.

Hapo ndipo watu walipokataa kunielewa, na nilijua kwa nini. Mstari wote wa mita 40 ulipandwa siku moja. Vipande vilitoka kwenye ua mmoja wa zamani. Mtaro uliochimbwa ulikuwa mmoja, ukajazwa udongo mwekundu ulioletwa kwa lori uliochanganywa na samadi ya ng'ombe ambayo haijaiva. Kijana alimwagilia mstari wote, ndoo kwa ndoo, bila upendeleo. Kama ni maji, mbona mita 22 za juu ziko salama?

Mimi swali hilo lilinifurahisha, kwa sababu lilikuwa linafanya kazi yangu. Ikiwa mbegu ni moja, siku moja, samadi moja na ndoo zile zile, basi tofauti haiko kwenye mmea wala kwa kijana. Iko chini ya ardhi au juu yake.

Nilianza na juu. Ua huu unaanzia getini, kwenye changarawe, unateremka kando ya kiwanja, halafu unapita chini ya jiwe kubwa la itale, moja ya yale yanayoufanya mji huu uitwe Jiji la Miamba. Uso wa jiwe unaoelekea ua nilikadiria ni mita za mraba 60. Ni uso mtupu, hauna udongo wala majani ya kushika tone. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inatoa lita moja ya maji. Kwa hiyo mvua ya milimita 20, ambayo kwa masika ya Mwanza si mvua ya kusimulia, inaliangukia jiwe lile kwa lita 1,200. Hata tukitoa robo nzima kwa ajili ya yanayobaki kulowesha jiwe na kupaa na joto, zinabaki lita 900, na zote zinashuka mahali pamoja.

Mahali hapo ni utepe wa ardhi wa mita 11 kwa mita moja. Mvua yake halali, ile inayoiangukia yenyewe, ni lita 220. Jumlisha 900 za jiwe, unapata lita 1,120: mara tano ya inayopata minyaa ya getini. Mwanza kwa mwaka hupata mvua ya karibu milimita 1,000, nyingi ikiwa kati ya Novemba na Mei. Minyaa ya katikati ilikuwa inaishi kwenye mvua ya milimita 5,000. Hatua chache tu kutoka hapo, kwenye kiwanja kile kile, wenzake walikuwa wanaishi maisha yao ya kawaida.

Kisha chini. Nilichimba mashimo mawili ya sentimita 30, moja karibu na geti, moja chini ya jiwe. Nikayajaza maji, nikayaacha yanywe, nikayajaza tena. Shimo la juu lilikauka kabla ya saa moja kupita. La chini lilikuwa bado na maji kesho yake asubuhi. Nilipoendelea kuchimba, kwa kina cha sentimita 40 hivi jembe liligonga mwamba mzima. Udongo wa asili wa mteremko huu ni ule mchanga wa itale ambao Wasukuma wanauita luseni, mwepesi, usioshika maji, na mnyaa unaupenda. Waliochimba mtaro waliuondoa wote, wakafika kwenye mwamba, wakajaza udongo mzito na samadi. Getini mtaro ule una changarawe ya kina chini yake, maji yanapita. Chini ya jiwe ukawa sufuria isiyo na tundu.

Kwa hiyo nikipanga sababu kwa uzito, ya kwanza ni maji ya jiwe kukutana na mtaro usiotoa maji. Bila hilo ua ungesimama, pamoja na makosa mengine yote. Ya pili ni samadi mbichi ndani ya udongo uliolowa, ambayo huoza bila hewa na kuunguza mizizi michanga. Ya tatu ni vipande kupandwa asubuhi ile ile vilipokatwa, bado vinachuruzika utomvu. Kidonda kibichi kwenye udongo wa maji ni mlango wazi wa kuoza. Kule juu pia palikuwa na mapengo machache, na nadhani hayo yanatokana na kidonda kibichi. Lakini changarawe iliwaokoa wengi. Umwagiliaji wa kiangazi nauweka mwisho. Uliharakisha jambo lililokwisha kuanza.

Juu ya huo umwagiliaji nataka kusema neno, kwa sababu kijana alikuwa anasubiri alaumiwe. Mwezi wa Mei aliona vijiti vinageuka manjano. Mtu yeyote aliyelelewa kwenye mchicha na nyanya, akiona manjano mwezi ambao mvua inakatika, atachukua ndoo. Alifanya alichofundishwa na kila mmea aliowahi kuutunza. Kazi yake ilikuwa nzuri kwa mmea mwingine. Tunapowapa vijana hawa mimea ya ukame, lazima tuwaambie mapema kwamba hapa manjano ya shina laini maana yake ni weka ndoo chini. Kumbonyezesha shina kwa kidole gumba, hilo zima na hili lililooza, kulimfundisha kuliko maelezo yangu yote.

Jambo la pili la kisa hiki lilitokea wakati wa kusafisha, na ni zito kuliko la kwanza.

Kibarua aliyeletwa kuondoa mita zile 11 alikata kwa panga, na baadhi ya vijiti vilivyoanguka vilikuwa vimeoza chini lakini juu bado vina utomvu. Tone likamruka jichoni. Anayejua mnyaa anajua kilichofuata: moto wa ghafla, jicho halifunguki, machozi hayakatiki. Wa kwanza kumfikia alitaka kumfuta kwa kitambaa. Mwalimu akakataa, akamlaza kando ya bomba la tangi, akashikilia kope zake wazi kwa vidole alivyovinawa, maji safi yakapita jichoni taratibu kwa robo saa nzima na zaidi, siku ambayo tangi halikuwa na ziada. Kisha bajaji, kisha hospitali. Macho yenye utomvu wa mnyaa huweza kuzidi kuuma na kuvimba saa kadhaa baadaye, na tabaka la mbele la jicho likachubuka. Ndiyo sababu kupoa kwa maumivu baada ya kuosha si sababu ya kubaki nyumbani. Kibarua yule aliona ukungu kwa siku kadhaa, akatibiwa, akapona. Sina shaka kwamba yale maji ya mwanzo ndiyo yaliyomsaidia zaidi.

Wapo wanaoweka maziwa ya mama, wapo wanaoweka mafuta. Nawaomba waache. Maji safi, mengi, kwa muda mrefu, kope zikiwa wazi, halafu daktari wa macho.

Baada ya tukio hilo mwalimu aliuliza kama ang'oe ua mzima. Ana wajukuu wanaokuja likizo. Nilimweleza ninachokijua pande zote mbili. Mnyaa usiokatwa wala kuvunjwa haumrukii mtu, na vizazi vingi vimekulia ndani ya nyua zake. Lakini watoto huvunja vijiti, huchezea ule weupe, hujipaka. Na kuna jambo lingine ambalo wazazi wa kanda hii wanastahili kulisikia bila kutishwa. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Uganda, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto, saratani ambayo sasa ina jina lake. Inaonekana zaidi kwenye ukanda wa malaria wa Afrika, na kandokando ya ziwa letu ni ndani ya ukanda huo. Sababu zinazojulikana vizuri ni kirusi cha Epstein-Barr pamoja na malaria ya mara kwa mara. Watafiti baadaye waliuhusisha pia utomvu wa mnyaa, kwa kuwa maabara ilionyesha unaweza kuamsha kirusi hicho ndani ya chembe za mwili. Kuhusishwa si kuthibitishwa kuwa chanzo. Kwangu inatosha kusema: utomvu huu si dawa ya kupaka wala kunywa, na mahali pa watoto kuchezea pasipakane na ua wa minyaa.

Tukakubaliana hivyo. Ua ukabaki, ila kipande kilichopakana na mwembe wanapochezea watoto kikaondolewa na kuwekwa waya. Kukata ni kwa mtu mzima mmoja, mwenye miwani ya kukinga macho, mikono mirefu na glovu, anayesimama upande upepo unakotoka na kuanza na matawi ya chini ya uso wake. Panga na glovu zinaoshwa kwa sabuni kabla utomvu haujaganda. Vipande havichomwi, kwa sababu moshi wake nao unawasha macho, na havitupwi kwenye mfereji wala ziwani. Wazee wa maji wanajua mnyaa hulewesha na kuua samaki, na kuvua kwa sumu ni kosa kisheria.

Sasa kuhusu zile mita 11. Mzee jirani alishauri tupande tena pale pale vipande vikubwa zaidi, vyenye nguvu. Nilimheshimu lakini nilikataa waziwazi, kwa sababu kipande kikubwa kina kidonda kikubwa na sufuria ilikuwa bado iko pale. Lililohitaji kubadilishwa ni njia ya maji.

Kwenye kitako cha jiwe tulichimba mfereji mdogo wa kukinga maji, kina cha kiganja na nusu, wenye mteremko wa taratibu, tukaujengea ukingo wa mawe madogo upande wa ua. Unayachukua maji ya jiwe na kuyapeleka kwenye kona ya chini, ilikopandwa migomba mitatu na matete. Yale maji yaliyoua minyaa ni mali, na kwenye kiwanja cha mgao ni dhambi kuyapoteza. Mita 4 zilizo karibu na kona hiyo hatukupanda minyaa kabisa. Pana waya, na matete yanajaza.

Mita 7 zilizobaki tuliondoa udongo mzito, tukarudisha mchanga wa itale tuliouokota pale pale kiwanjani, tukainua tuta la sentimita 30. Mkulima yeyote wa viazi vitamu wa huku anajua kwa nini tuta, sikuhitaji kueleza. Samadi haikuwekwa. Vipande vilikatwa vikiwa na unene wa kidole na urefu wa mkono, kutoka kwenye matawi yaliyokomaa, tukasuuza utomvu kwa maji, tukavilaza kivulini kwenye ubao kwa zaidi ya wiki mpaka kidonda kikafunga utando mkavu. Vilichomekwa Septemba kwa kina cha kiganja, umbali wa hatua ya mguu mmoja kati ya kimoja na kingine, kwenye mchanga mkavu. Havikupewa maji mpaka mvua za kwanza zilipokuja zenyewe.

Hilo la mwisho ndilo lililomsumbua mwalimu kuliko yote. Alikuwa akipita kila jioni, anaviona vimesinyaa, anamwangalia kijana, kijana ananitafuta kwa simu. Kusinyaa kidogo kwa kipandikizi cha mnyaa wakati huo si dalili mbaya. Kinaishi kwa akiba yake huku mizizi inatafuta njia. Shina lilikuwa gumu kila tulipobonyeza, na hicho ndicho tulichokuwa tunakitazama. Novemba mvua zilipoanza, machipukizi yalitoka karibu yote kwa pamoja.

Mita 7 za mwisho, zile zilizodumaa, hazikuguswa. Mfereji ulipochukua maji ya jiwe, zilirudi rangi zenyewe. Hilo ndilo jibu langu kwa waliobaki na shaka kuhusu chanzo.

Watu wananiuliza kwa nini nahangaika kuutetea mmea wenye hatari kama hii. Naishi kwenye mji wa milima ambako mama hupandisha ndoo kichwani juu ya ngazi za mawe, halafu naona nyua za maua ya kigeni zinazomwagiliwa kwa maji hayo hayo. Mnyaa unasimama Juni mpaka Septemba bila tone la mtu, unashika udongo wa mteremko, unafunga kiwanja kwa gharama ya kazi ya siku moja. Unataka vitu viwili: mizizi isikae majini, na utomvu wake uheshimiwe. Hauzuii mwizi, kwa sababu hauna miba. Anayetaka ulinzi huo achanganye na mtandamboo, kichaka cha miba cha hapa hapa, chenye maua ya kunukia na matunda yanayolika, nao huishi kwenye miamba bila kulalamika.

Kwa mwalimu, kazi iliyobaki ni ndogo. Ua ukiachwa utapanda mita tano na zaidi, basi unapunguzwa mara moja kwa mwaka, mwanzoni mwa kiangazi, vidonda vikauke kabla ya mvua. Na kila Oktoba kijana anazibua mfereji wa jiwe, maana majani ya mwembe hushuka na kuuziba, na ukiziba maji yatarudi kwenye tuta.